Jinsi ya kuwaweka madaktari wako sawa na miongozo mipya ya kupima saratani ya mlango wa kizazi

Kuna siku nilikaa na madaktari wanne wa sehemu moja nikawauliza swali jepesi tu: mama wa miaka 34, hana VVU, hana dalili yoyote, kipimo cha HPV (kirusi kinacholeta saratani hii) kimetoka hasi, mnamwambia arudi lini? Wa kwanza akasema mwaka mmoja. Wa pili mitatu. Wa tatu mitano. Wa nne akasema hata kumi, wale wawili wa kwanza wakamcheka, kumbe kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) yeye na wa tatu ndo walikuwa sahihi na waliocheka ndo walikuwa nyuma. Na hao sio wavivu jamani, ni madaktari wazuri kabisa, kila mtu alijibu kwa kile alichokikuta mwaka aliomaliza chuo.

Kazi yangu ni kuratibu mafunzo ya wafanyakazi, kwaiyo nimehangaika na hili jambo muda mrefu, na mengi nimeyafanya vibaya kwanza ndo nikayajua. Naandika kwa yeyote aliyepewa huu mzigo, uwe mkuu wa kitengo, nesi kiongozi, au daktari tu ambaye wenzie wamemwambia "we si unapenda kusoma, utusaidie".

Kabla ya hatua zenyewe elewa kwanza kwa nini watu wamechanganyikiwa, mana usipoelewa utawaona wabishi. Kwa miongo mingi kipimo kilikuwa ni pap smia, yaani kuchukua seli za mlango wa kizazi na kuziangalia kwa darubini, ile ya daktari Papanicolaou iliyoanza kusambaa baada ya miaka ya 1940, na pap moja ikifanyika mara moja inaweza kupitwa na tatizo, dawa yake ikawa ni kurudiarudia, mwaka hadi mwaka, mpaka "pap kila mwaka" ikaingia kwenye damu za madaktari. Miaka ya 1983 na 1984 mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, na wenzake wakaonesha kwamba ndani ya vinyama vya saratani hii kuna kirusi cha HPV aina ya 16 na ya 18 (akapewa Nobel mwaka 2008), na leo tunajua hizo aina 2 peke yake zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Sasa ukishajua mwizi ni nani unamtafuta mwizi mwenyewe, huna haja ya kusubiri mpaka uone mlango umevunjwa. Ndo kikaja kipimo cha HPV, na kilipokuja kikahamisha kila kitu, umri wa kuanza, muda wa kurudi, nani atibiwe na nani asubiri. Australia walihama Desemba 2017, wakaacha pap ya kila miaka 2 wakaenda HPV ya kila miaka 5. WHO ikatoa mwongozo wake mpya Julai 2021. England walibaki na miaka 3 kwa wanawake wa miaka 25 mpaka 49 hadi Julai 2025 ndo wakaanza kuwapa miaka 5 wale ambao HPV yao ni hasi. Daktari aliyemaliza chuo 2012 hajakosea kitu, dunia ndo imehama yeye akiwa anahudumia foleni.

Haya twende.

HATUA YA 1: Chagueni mwongozo mmoja, mmoja tu

Hii inaonekana ndogo lakini ndo mzizi wa vurugu zote. Daktari mmoja anasoma vitu vya Marekani, mwingine alisoma Uingereza, mwingine ana pdf ya WHO kwenye simu, na wote wanakaa chumba kimoja na kupishana mafaili. Ukiangalia Marekani penyewe hawako kitu kimoja: kikosi kazi chao cha kinga mwaka 2018 kilisema anza miaka 21 kwa pap kila miaka 3, alafu kuanzia 30 mpaka 65 unaweza kuchagua pap kila miaka 3, au HPV kila miaka 5, au vyote viwili pamoja kila miaka 5. Chama chao cha saratani mwaka 2020 kikasema anza 25 na HPV kila miaka 5. WHO inasema kwa mwanamke wa kawaida anza 30, HPV kila miaka 5 hadi 10. Hapo hakuna aliyedanganya, kila mmoja amepiga hesabu kwa watu wake, vifaa vyake na uwezo wake wa kufuatilia. Ila ukizichanganya kwenye kliniki moja unapata uji usiojulikana ni wa nini.

Kanuni yangu: mwongozo wa taifa lenu ndo wa kwanza. Kama upo na ni wa sasa, basi mjadala umeisha, hata kama kuna daktari anaona wa nchi nyingine ni mtamu zaidi. Kama haupo au ni wa zamani mno, chukueni wa WHO na mkubaliane kwa maandishi, mkuu asaini.

Na sasa sikiliza hatari yenyewe, mana hii ndo imeniumiza kichwa kuliko zote. MUDA WA KURUDI UNAENDA NA KIPIMO. Daktari anasikia "siku hizi ni miaka 5", anafurahi, anarudi kwenye kituo ambacho hakina HPV kina kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho tu (VIA) au pap, anamwambia mama rudi baada ya miaka 5. Hapana! Miaka 5 ni ya HPV, kwa sababu HPV ikiwa hasi inakupa utulivu wa muda mrefu. VIA na pap kwa mwongozo wa WHO ni kila miaka 3 kama HPV bado haijafika. Yaani ukimfundisha mtu namba bila kipimo chake umemfundisha kosa jipya, afadhali angebaki na la zamani. Hii sentensi nairudia kila kikao mpaka watu wananisema.

HATUA YA 2: Andika ukurasa mmoja

Mwongozo wa WHO ni kitabu, hakuna daktari mwenye wagonjwa 40 nje atakifungua. Kaa chini uandike ukurasa mmoja, upande mmoja, herufi za kuonekana kwa mbali. Wangu kwa wanaofuata WHO unakuwa na mambo haya, na kama nchi yenu ina namba tofauti weka za kwenu:

Mwanamke asiye na VVU: anaanza miaka 30, kipimo cha HPV kila miaka 5 hadi 10. Hapa msiiache hiyo "5 hadi 10" ikielea, chagueni namba moja muiandike, mana ukiacha nafasi kila mtu atajaza yake.

Mwanamke mwenye VVU: anaanza miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Hatari yake ya saratani hii ni kama mara 6 ya mwenzake asiye na VVU, kwaiyo usimweke foleni moja na wengine.

Wa kupewa kipaumbele: miaka 30 mpaka 49, na mkiwa na vifaa vya kuwahudumia, wale wa miaka 50 mpaka 65 ambao hawajawahi kupimwa kabisa.

Kuacha: baada ya miaka 50, akiwa na majibu hasi mara 2 mfululizo kwa vipindi vinavyotakiwa. Watu wengi wanaona ile 50 tu wanasahau hayo majibu mawili, ziandike pamoja kwenye mstari mmoja.

HPV chanya kwa asiye na VVU: kuna njia 2, ama anatibiwa moja kwa moja, ama anafanyiwa kwanza kipimo cha pili cha kuchuja. Kwa mwenye VVU njia ni moja, mchuje kwanza ndo utibu. Kipimo cha kuchuja kinaweza kuwa VIA, pap, kolposkopi (kuangalia mlango kwa kifaa cha kukuza), au kuangalia ni aina gani ya HPV.

HPV chanya lakini kipimo cha kuchuja hasi: rudia HPV baada ya miezi 24, mwenye VVU baada ya miezi 12.

Aliyetibiwa: HPV baada ya miezi 12. Ikiwa hasi anarudi kwenye ratiba ya kawaida, ila mwenye VVU anarudia tena miezi 12 mingine kwanza.

Matibabu yasisubiri, mapema iwezekanavyo na isizidi miezi 6. Mjamzito tiba inasogezwa mpaka ajifungue.

Sampuli: anaweza kuchukua mhudumu au mama mwenyewe. Hii ya mama kujichukulia mwenyewe madaktari wengi hawaiamini, wanaona kama ni ya kubahatisha, na WHO imeikubali kwa kipimo cha HPV. Ni kwa HPV lakini, mana HPV inatafuta kirusi, pap ya kujichukulia hakuna.

Chini kabisa kwenye kona: toleo namba ngapi, tarehe ya kuandikwa, jina la cheo cha anayesimamia, na tarehe ya kuangalia tena. Karatasi isiyo na tarehe ni sumu, inakaa ukutani miaka 9 na hakuna anayejua ilitoka wapi.

HATUA YA 3: Wapime kabla hujawafundisha

Usianze na slaidi. Wape mifano ya wagonjwa, waandike majibu bila majina, ukusanye, alafu uyasome mwenyewe usiku. Utajua wapi pana shimo na wapi utapoteza muda wa watu bure. Mifano yangu ni hii 6, ichukue.

Wa kwanza ni yule mama wa miaka 34 wa juu.

Wa pili, dada wa miaka 27, anaishi na VVU, hajawahi kupimwa. Jibu: anapimwa leo, keshachelewa miaka 2. Wengi wanaandika "asubiri 30".

Wa tatu, miaka 36, hana VVU, HPV chanya, akapakwa siki haikuonesha kitu. Hapa utaona vituko, wengine wanamtibu, wengine wanamwambia uko salama kabisa nenda zako, wengine wanamrudisha baada ya miezi 3. Kwa mnaochuja kabla ya kutibu, HPV irudiwe baada ya miezi 24.

Wa nne, mama wa miaka 58, hedhi iliisha kitambo, VIA hasi, daktari amemwandikia "salama". Mtego! Baada ya kukoma hedhi lile eneo ambalo saratani huanzia linaingia ndani ya mfereji, halionekani kwa macho, kwaiyo VIA yake haina maana hata kama ni hasi. Huyu anahitaji HPV. Katika vikao vyangu vyote hili swali ndo linakosewa zaidi.

Wa tano, miaka 41, anatoka damu baada ya tendo la ndoa, HPV yake ya mwaka jana ilikuwa hasi. Muda wake wa kurudi ni lini? Ukiona mtu ameandika "miaka 4 ijayo" simamisha kila kitu. Huyu ana dalili, ameshatoka kwenye habari za uchunguzi wa watu wazima wa afya, anawekewa spekula (kifaa cha kufungulia uke) leo, anaangaliwa mlango, kinyama kinachukuliwa kama kuna kitu cha kutilia shaka. Ratiba ni ya wasio na dalili. Ukiwafundisha watu muda mrefu wa kurudi ni lazima ufundishe na hili siku hiyohiyo, la sivyo utakuwa umewapa sababu ya kumfukuza mgonjwa.

Wa sita, miaka 52, kizazi kilitolewa chote pamoja na mlango wake kwa sababu ya uvimbe wa kawaida, hajawahi kuwa na mabadiliko ya seli. Afanyiwe pap? Ya nini, mlango wenyewe haupo. Unacheka, lakini utafiti uliotoka Marekani mwaka 2004 ulikadiria wanawake kama milioni 10 waliokuwa wanaendelea kupimwa pap na mlango wa kizazi hawana. Milioni 10. Kwaiyo usidhani kwenu hamna.

HATUA YA 4: Waeleze kwa nini, hasa kwa nini muda umekuwa mrefu

Ukimwambia daktari "sasa ni miaka 5" moyoni anasikia "sasa tunabana matumizi". Anaogopa, na woga wake una mantiki, akikosa saratani moja ni jina lake liko kwenye faili. Kwaiyo usimpe amri, mpe mwendo wa ugonjwa.

Mimi nawaambia hivi: HPV karibu kila mtu anayejamiiana anakutana nayo, na maambukizi mengi mwili unayaondoa wenyewe ndani ya miaka kama 2. Yale machache yanayong'ang'ania ndo yanaanza kubadilisha seli taratibu, na kutoka hapo mpaka saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ni kawaida kuchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10. Sasa kama leo kirusi hakipo, saratani ya mwakani itatoka wapi? Hapo unaona nyuso zinafunguka. Na kwa nini usimpime HPV binti wa miaka 22? Kwa sababu utakikuta, na kingeondoka chenyewe, wewe utakuwa umempa hofu na pengine tiba ya mlango ambao bado anauhitaji kubeba mimba. Kwa nini mwenye VVU tunamwahi? Rudi kwenye ile miaka 5 hadi 10.

Mtu akishika hii hadithi hata akisahau namba anaweza kuikisia karibu na ukweli. Mtu aliyekariri namba bila hadithi akisahau anarudi kwenye "kila mwaka".

Kuna swali litakuja tu, la chanjo. "Huyu alichanjwa, anapimwa?" Ndiyo anapimwa, chanjo haifuniki aina zote na wengine walichanjwa wakiwa tayari wameshaambukizwa.

Na kuna aina za HPV zinazoleta vidutu vya sehemu za siri tu, hizo hazileti saratani, kuzipima kwenye uchunguzi huu ni kupoteza hela na usingizi wa mtu. Waambie maabara na madaktari, kipimo ni cha zile aina hatari basi.

HATUA YA 5: Kikao kifupi, mafaili ya kwenu

Semina ya siku 2 ukumbini na slaidi 120, watu wanasaini wanachukua posho wanaondoka, nimeziandaa nyingi tu, sitaki kujifanya. Kukaa kusikiliza peke yake kunabadilisha kidogo sana namna daktari anavyofanya kazi, hilo tafiti za mafunzo kazini zimelisema mara nyingi. Kinachosaidia ni kuwafanya watu wafanye kitu, kidogokidogo, na kurudia.

Dakika 20, mara moja kwa mwezi, kabla kliniki haijaanza. Unaleta mafaili 3 ya kwenu wenyewe, majina yamefunikwa, unauliza "huyu mngemfanyaje". Mtu mmoja anasoma, wengine wanabishana, ule ukurasa mmoja uko mezani, mnauangalia, mnamaliza. Usimruhusu profesa aongee dakika 15. Usianze na takwimu za dunia, hata kama zinatisha (mwaka 2022 wagonjwa wapya walikuwa kama 660,000 na vifo kama 350,000), mana daktari anazijua, zinamfanya atikise kichwa kwa huruma na kliniki anafanya vilevile.

Asiyehudhuria mfuate. Hasa wazee wa kazi, hawa waheshimu sana, usimsahihishe mkubwa mbele ya watoto wake wa kazi. Mimi naenda ofisini kwake namwambia dokta naomba unisaidie kuupitia huu ukurasa kabla sijausambaza, unaonaje. Anausoma, anakosoa mawili matatu, mengine ya kweli kabisa, na kuanzia hapo ukurasa ni wake.

HATUA YA 6: Badilisha karatasi, fomu na kompyuta (hii usiiruke)

Hapa ndo niliangukia. Sehemu moja niliyofanya kazi tulifundisha watu wote, mtihani wa mwisho karibu kila mtu akapata zote, nikaandika ripoti nzuri. Miezi 3 baadaye nikafungua mafaili, kila mama mwenye HPV hasi bado anarudishwa mwaka mmoja. Nikakasirika nikaita kikao. Nesi mmoja wa mapokezi, hakuwa hata ameitwa kwenye mafunzo, akaniambia "lakini si tunagonga muhuri". Muhuri gani? Akautoa kwenye droo: KURUDI BAADA YA MWAKA 1. Daktari anaandika "HPV hasi", anapitisha faili, pale dirishani linagongwa muhuri, mama anaondoka na kadi ya mwaka mmoja. Madaktari walikuwa wamebadilika. Muhuri ulikuwa haujaambiwa.

Kwaiyo zunguka na faili la mgonjwa wa kufikirika kutoka getini mpaka anapotoka, uone kila sehemu ambayo muda, umri au kipimo kimeandikwa: kadi ya miadi, rejesta, fomu ya kuomba kipimo, fomu ya majibu ya maabara (hii mara nyingi ina sentensi chini "inashauriwa kurudia baada ya miezi 12" aliyoiandika mtu ambaye alishastaafu), ujumbe wa simu unaojituma wenyewe, bango la ukutani, na mfumo wa kompyuta kama mnao. Kompyuta ukiirekebisha inakufanyia kazi kuliko semina 10, weka tu kwamba ukijaza umri, hali ya VVU, aina ya kipimo na majibu, inapendekeza tarehe. Iache daktari aweze kuibadilisha lakini aandike sababu. Hizo sababu uzisome kila mwezi, zina elimu ndani yake.

Fomu ya kuomba kipimo iwe na kisanduku cha "ana dalili / hana dalili". Kisanduku hicho kimoja kinamlazimisha mtu kufikiri.

HATUA YA 7: Hesabu, alafu warudishie majibu

Kila mwezi vuta mafaili 20 bila kuchagua. Angalia vitu 4 basi: umri ulikuwa sahihi? Muda wa kurudi ulilingana na kipimo? Mwenye majibu chanya alipata hatua inayofuata, na baada ya siku ngapi? Kuna aliyepimwa bila sababu, mdogo mno, au hana mlango wa kizazi?

Hilo la tatu lipe uzito kuliko mengine yote. Mnaweza kupima kwa mwongozo wa kisasa kabisa na wamama wenye majibu chanya wakapotelea njiani, basi mmefanya kazi ya maabara tu. Lile lengo la WHO la mwaka 2020 la kutokomeza hii saratani, wanaloliita 90-70-90 ifikapo 2030, watu wanakumbuka asilimia 90 ya wasichana kuchanjwa na asilimia 70 ya wanawake kupimwa, ile 90 ya mwisho, kwamba waliokutwa na tatizo watibiwe, inasahaulika kabisa.

Majibu mpe kila daktari yake, kwa mdomo na kwa karatasi, faragha, na umwoneshe wastani wa wenzake bila majina. Mpe na lengo, "mwezi ujao tufike 18 kati ya 20", na mkubaliane atabadilisha nini. Usimpe mara moja ukapotea, mrejesho unafanya kazi ukirudiwa, na ukitoka kwa mtu anayemheshimu. Orodha ya aibu ukutani usijaribu, niliwahi kuiona mahali, watu walichofanya ni kuacha kuandika majina yao kwenye faili.

HATUA YA 8: Wasio madaktari

Nesi, mkunga, mtu wa maabara, mtu wa mapokezi, na mhudumu anayewafuata watu majumbani. Hao ndo mama anawauliza maswali, mana daktari anamwogopa. Wape ukurasa uleule, sio ulio rahisishwa mpaka umepotoshwa. Na waambie jibu la kumpa mama atakayelalamika "mbona zamani nilikuwa naitwa kila mwaka, mmenichoka?", wamwambie kipimo kimebadilika, hiki kinaona mapema zaidi, na akiona damu au uchafu usio wa kawaida asisubiri tarehe ya kadi, aje kesho.

HATUA YA 9: Mtu mmoja awe mlinzi wa mabadiliko

Kamati ya watu 7 haitasoma kitu. Mtu mmoja, na msaidizi wake akisafiri. Kila miezi 3 anaingia kwenye tovuti ya wizara ya afya, ya WHO, na ya chama cha madaktari wa wanawake, anaangalia kama kuna toleo jipya. Kikija kitu kwenye WhatsApp kimeandikwa "mwongozo mpya!!!" kazi yake ni kukitafuta chanzo chenyewe kabla hakijaanza kutumika, mara nyingi utakuta ni wa nchi nyingine, au ni rasimu, au ni habari ya gazeti kuhusu utafiti mmoja. Utafiti mmoja sio mwongozo.

Mabadiliko ya kweli yakija, ndani ya wiki 2 ukurasa mpya uwe tayari, na asambaze ujumbe mfupi wenye mambo 3: nini kimebadilika, kinaanza tarehe gani, na tunafanyaje na wale ambao tayari wana miadi ya zamani. Hilo la tatu kila mtu analisahau. Mama ana kadi ya kurudi mwezi ujao, mwongozo mpya unasema bado miaka 3, anakuja amekodi usafiri, mnamfanyaje? Amueni mapema wote mseme kitu kimoja. Sisi tuliamua hivi: angalia kipimo chake cha mwisho kilikuwa nini. Kama kilikuwa VIA au pap, apimwe HPV siku hiyohiyo akiwa amefikisha umri, aanze ratiba mpya kuanzia hapo. Kama kilikuwa HPV hasi, anaelezwa vizuri, anapewa kadi mpya, na hachajiwi kitu kwa kuja.

Alafu karatasi ya zamani uitoe ukutani wewe mwenyewe kwa mkono wako, usimtume mtu, na ukimaliza angalia na nyuma ya mlango wa chumba cha pili, mara nyingi kuna nakala nyingine pale.